Kusoma barua za majaribio ya homa ya manjano, Cuba 1900

Swali: Ninasoma shahada ya uzamili ya historia, na tasnifu yangu inahusu majaribio ya homa ya manjano yaliyofanywa na jeshi la Marekani huko Cuba mwaka 1900. Msimamizi wangu anataka nitumie barua binafsi za wahusika wenyewe, si vitabu peke yake. Nimezikuta mtandaoni, lakini ni rundo kubwa na nyingine zinapingana waziwazi. Nianzie wapi, na nitajuaje ipi ya kuiamini?

Jibu: Kabla hujasoma barua hata moja, ligawe rundo hilo mafungu mawili. Fungu la kwanza ni barua zilizoandikwa mwaka 1900 na 1901, mbu wa majaribio wakiwa bado kwenye mirija na wagonjwa wakiwa vitandani. Fungu la pili ni zile ambazo watu walewale, au wajane na rafiki zao, waliandika miaka 30 mpaka 50 baadaye kujibu maswali ya mtu aliyetaka kujua yaliyotokea. Mtandaoni yote mawili yamelala pamoja, yana majina yaleyale, na yanasimulia usiku uleule. Anayeyachanganya hupata mkanganyiko ambao haukuwepo mwaka 1900.

Aliyeyakusanya ni Philip Hench, daktari wa maradhi ya viungo wa Kliniki ya Mayo, yule aliyeshiriki Tuzo ya Nobeli ya mwaka 1950 kwa kazi ya kotisoni. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1930 alishikwa na kisa cha Cuba kama mtu aliyeshikwa na deni. Akawaandikia askari waliojitolea, akawaandikia wajane, akakusanya picha, ramani na barua za zamani. Alifariki mwaka 1965, na mkusanyo huo mkewe akaukabidhi Chuo Kikuu cha Virginia, alikosoma Walter Reed, mkuu wa tume ya jeshi iliyofanya majaribio hayo. Ndio huo ulioukuta mtandaoni, na kuusoma ni bure. Kwa hiyo jua kwamba karibu kila karatasi humo imepita mikononi mwa mtu mmoja mwenye hamu, na hamu hiyo imeacha alama. Nitairudia baadaye.

Sasa tengeneza kalenda yako kutoka kwenye taarifa zilizochapishwa wakati ule, kisha ndiyo uanze kuzitundika barua juu yake. Misumari mikuu ni hii. Tume ya watu wanne, Walter Reed, James Carroll, Jesse Lazear na Aristides Agramonte, iliundwa Mei 1900, na mwishoni mwa Juni ikaanza kazi katika kambi ya Columbia Barracks, Quemados, karibu na Havana. Kwanza walifuata bakteria ambaye Mtaliano Giuseppe Sanarelli alidai ndiye chanzo, wasimwone. Wakageukia mbu. Dai la mbu lilikuwa la Carlos Finlay, daktari wa Cuba aliyelitangaza tangu 1881, na ndiye aliyewapa mayai ya mbu. Tarehe 2 Agosti Reed alirudi Washington kumalizia ripoti ya homa ya matumbo. Shika sana tarehe hiyo. Tarehe 27 Agosti Carroll aliumwa na mbu wa majaribio, akaugua vibaya, akapona. Tarehe 31 Agosti askari William Dean aliumwa, naye akaugua akapona. Lazear aliugua tarehe 18 Septemba, akafa tarehe 25. Reed alifika Cuba tarehe 4 Oktoba, akasoma taarifa ya awali mbele ya madaktari huko Indianapolis tarehe 23 Oktoba, na tarehe 20 Novemba ikafunguliwa kambi ya majaribio iliyopewa jina la marehemu, Camp Lazear.

Unaona kilichotokea? Mambo mazito yote ya Agosti na Septemba yalitendeka Reed akiwa hayupo. Basi barua yake yoyote inayoeleza siku hizo ni ya mtu aliyesikia. Na hapo ndipo barua zenyewe zinapokuwa na thamani kuliko taarifa rasmi, kwa sababu watu waliokuwa mbali ilibidi waandikiane.

Jedwali lako liwe na safu hizi: tarehe iliyoandikwa kwenye barua, tarehe ya muhuri wa posta kama bahasha ipo, mwandishi alikuwa wapi siku hiyo, anamwandikia nani, anasema nini, alikijuaje (aliona, aliambiwa, alipata simu ya maandishi), na safu ya mwisho, karatasi nyingine ya wiki ileile inayosema jambo hilohilo. Wanafunzi wengi hujaza safu ya "anasema nini" tu. Safu ya "alikijuaje" ndiyo itakayokuokoa mbele ya watahini.

Kuhusu tarehe kuna mtego ambao sisi waandikaji wa Kiswahili tunanasa kirahisi. Mmarekani akiandika 9/7 anamaanisha tarehe 7 Septemba, si 9 Julai. Karatasi za Kihispania za Havana, kinyume chake, hutanguliza siku kama sisi. Agramonte alizaliwa Cuba na kusomea Marekani, kwa hiyo angalia lugha ya karatasi yenyewe kabla hujaamua. Barua moja iliyokaa mahali si pake inatosha kukufanya uandike kwamba mtu alijua jambo miezi miwili kabla halijatokea.

Kipimo cha pili ni mbu mwenyewe. Homa ya manjano ina saa yake, na saa hiyo haidanganyi. Mbu jike hupata virusi akimuuma mgonjwa katika siku 3 hivi za mwanzo za homa. Akisha kunyonya, hawezi kumwambukiza mtu hadi zipite siku zipatazo 12 wakati wa joto. Majira ya baridi ya Havana yalidai siku 18 au zaidi. Mtu akiisha kuumwa, ugonjwa hujificha siku 3 hadi 6. Tume yenyewe iliandika kati ya saa 41 na siku 5 na saa 17. Sasa kila barua inayosema "fulani aliumwa, akaugua", iweke chini ya saa hiyo.

Mjaribu Carroll. Mbu wake alikuwa amemuuma mgonjwa mahututi siku 12 kabla, mgonjwa huyo akiwa katika siku ya pili ya homa. Carroll akaumwa tarehe 27, akaanza kujisikia vibaya tarehe 29, akalala kitandani tarehe 31. Saa inaruhusu. Lakini siku hizohizo alikuwa ameingia wodi za wagonjwa, kwa hiyo mpinzani angeweza kusema aliupata huko. Dean hakuwa ametoka nje ya kambi kwa muda mrefu, na alipougua mpinzani hakuwa na sababu nyingine ya kukimbilia. Ukikuta barua ambamo daktari anamshangilia Dean, askari asiye na cheo, kuliko mwenzake Carroll, sababu ni hiyo.

Saa hiyohiyo inaeleza kushindwa. Kati ya watu 11 walioumwa kabla ya taarifa ya awali, 9 hawakuugua: ama mbu alimnyonya mgonjwa akiwa amechelewa katika ugonjwa, ama hakupewa siku za kutosha kabla ya kuumisha tena. Finlay naye kwa miaka karibu 20 aliwaumisha watu wapatao 100, akitumia mbu wa siku chache tu, na dunia ikamcheka. Aliyetoa ufunguo ni Henry Carter, daktari wa karantini. Mwaka 1898, katika vijiji vya Orwood na Taylor huko Mississippi, alihesabu siku kati ya mgonjwa wa kwanza wa nyumba na wale waliomfuata, akapata wiki 2 hadi 3. Barua za Carter zimo katika mkusanyo huo. Wengi huziruka kwa kuwa hazina machozi wala mashujaa. Ni kosa. Bila hesabu ya Carter, mbu wa Finlay angebaki mdudu wa kero.

Tuchukue sasa barua tatu tuzitazame karibu.

Ya kwanza ni ya Lazear kwa mkewe, tarehe 8 Septemba 1900. Mke alikuwa amerudi Marekani kujifungua. Lazear anamwambia kwamba anadhani yuko kwenye njia ya kijidudu chenyewe hasa, lakini lisisemwe neno, hata kidokezo, na kwamba hajamtajia mtu yeyote. Vitabu vingi vinaichukua barua hii kama ushahidi wa ushindi wa mbu. Isome tena. Neno "mbu" halimo katika sentensi hiyo; anasema kijidudu, yaani kile kinachosababisha ugonjwa, wakati huo kila mtu akikitafuta kwa darubini. Na pale anaposema hajamtajia mtu, Carroll alishaugua na Reed alishapata habari. Pengine ana jambo jingine kichwani, pengine anafunga tu mdomo wa nyumbani. Unachoweza kuandika bila kuogopa ni kwamba siku 5 kabla ya ile tarehe 13 inayosemwa kuwa aliumwa, Lazear alikuwa na matumaini na alitaka siri. Zaidi ya hapo ni tafsiri yako, nawe useme ni tafsiri yako.

Ya pili ni ya Reed kwa Carroll, tarehe 7 Septemba, kutoka Washington. Amepata habari kwamba Carroll anaendelea vizuri. Anapiga vigelegele kwenye karatasi kama kijana wa shule na kusema atakwenda kulewa chakari. Halafu, upande wa nyuma, swali moja: je, ni mbu aliyefanya? Mkuu wa tume, aliyekaa zaidi ya mwezi mbali na maabara, hana uhakika. Swali lile ni ushahidi mkubwa kuliko ukurasa wote wa mbele, na anayesoma maandishi yaliyochapwa upya bila kugeuza karatasi hulikosa. Kwa hiyo kila barua fungua picha zote: mbele, nyuma, bahasha, hata kipande kilichobandikwa. Na ukikutana na bahasha za milipuko ya nyuma zaidi, kama ya Florida mwaka 1888, usishangae kuona zimetobolewa matundu. Watu waliamini nguo, matandiko na karatasi hubeba ugonjwa, hivyo barua zilipigwa kwa ubao wenye misumari kisha zikafukizwa moshi wa salfa. Ndiyo imani ambayo jengo namba 1 la Camp Lazear lilikuja kuivunja: mashuka yenye matapishi na uchafu wa wagonjwa, watu 7 kwa zamu katika siku 63, hakuna aliyeugua.

Ya tatu ni ile inayonukuliwa kuliko zote: Reed kwa mkewe Emilie, usiku wa tarehe 31 Desemba 1900, saa 5 na dakika 50. Anasema zimebaki dakika 10 tu za karne ya zamani. Ameketi akisoma kitabu cha La Roche juu ya homa ya manjano, kilichoandikwa 1853. Miaka 47 baadaye, yeye na wasaidizi wake wamejaliwa kuinua pazia. Sasa hesabu. Karne kwake inaisha 1900, si 1899, kama walivyohesabu wengi enzi zile, usimsahihishe. Kitabu cha La Roche kilitoka 1855, na 1853 aliyoitaja ndiyo inayofanya hesabu yake ifike 47. Ni kosa dogo la mtu mchovu usiku wa manane, lakini linafundisha jambo: hata barua ya kweli kabisa, iliyoandikwa kwa mkono wa mhusika saa ileile, hukosea tarehe. Inukuu jinsi ilivyo na useme pembeni kitabu kilichapwa lini. Angalia pia neno "wasaidizi". Kwa mkewe, Carroll, Agramonte na marehemu Lazear ni wasaidizi wake. Carroll aliishi mpaka 1907 akiwa na kinyongo kuhusu nani alistahili sifa, na Agramonte mwaka 1915 alichapisha maelezo yake mwenyewe ya kilichotokea ndani. Kinyongo hicho utakinusa katika barua nyingi, na mbegu yake unaiona katika neno moja la usiku wa mwaka mpya.

Hapo nirudi kwenye kifo cha Lazear, maana ndipo barua zinapopingana zaidi. Simulizi rasmi ni kwamba tarehe 13 Septemba, akiwa hospitali ya Las Animas huko Havana akiwalisha mbu wake, mbu wa nje alitua mkononi naye akamwacha anyonye. Lakini liko daftari la maabara la wakati ule ambalo, tarehe hiyohiyo 13, linaandika kwamba simbilisi (mnyama mdogo wa majaribio) namba 1 ameumwa na mbu aliyekwisha kuwauma wagonjwa wanne, wa kwanza tarehe 30 Agosti. Tia hesabu: kutoka tarehe 30 Agosti hadi 13 Septemba ni siku 14. Mbu ameiva. Kutoka 13 hadi 18 ni siku 5. Saa imetimia. Ndiyo maana wanahistoria wengi hushuku kwamba simbilisi yule alikuwa na miguu miwili, na kwamba Lazear alijiumisha kwa makusudi. Kijitabu chake cha mfukoni, ambacho kingeweza kumaliza ubishi, kilipotea baada ya Reed kufa mwaka 1902. Tasnifu nzuri haitatoa hukumu hapa. Itaweka barua za Septemba 1900 upande mmoja, barua za miaka ya 1940 upande wa pili, na kuonyesha kwamba uhakika unaongezeka kadiri mashahidi wanavyozeeka. Kwa kawaida ingekuwa kinyume chake.

Na hilo linatuleta kwenye fungu la pili. Hench alikuwa mwulizaji hodari, na uhodari wake ndio tatizo. Alimwuliza mmoja, akapata jibu, kisha jibu hilo likawa sehemu ya swali kwa mwingine. Ukisoma barua ya John Moran au John Kissinger, wawili kati ya waliojitolea kuumwa na mbu, ya miaka hiyo, usiisome peke yake; tafuta kwanza barua ya Hench iliyotangulia, uone aliuliza nini na alimdokezea nini. Ikiwa maneno ya jibu yamo tayari kwenye swali, hujapata shahidi wa pili, umepata mwangwi. Isitoshe, kufikia wakati huo kisa kilishakuwa burudani: kitabu kilichosomwa sana mwaka 1926, tamthilia ya Broadway mwaka 1934, filamu mwaka 1938. Vilevile mwaka 1929 Bunge la Marekani lilikwisha kutoa medali za dhahabu na pensheni kwa waliojitolea. Mtu anayekumbuka baada ya yote hayo anakumbuka pamoja na umma mzima.

Mfano mwepesi ni kile kisa cha Moran na Kissinger kukataa fedha na Reed kuwaonyesha heshima kama maofisa. Kila mtu anakisimulia. Wewe fanya kazi ya fundi: kifuate kinyumenyume, barua kwa barua, mpaka ufike kwenye karatasi ya zamani kuliko zote yenye kisa hicho, kisha andika tarehe yake na nani aliyeiandika. Ukisha kufanya hivyo kwa visa vitatu tu, tayari una sura nzima ya tasnifu.

Lakini fungu la pili usilitupe. Wazee hukosea tarehe, mazungumzo na nani alisema nini. Vitu vya mkono huvikumbuka vizuri: mlango ulifunguka upande gani, wavu wa waya uligawa chumba wapi, mrija wa kioo uliozibwa pamba ulivyogeuzwa mdomo chini juu ya mkono ili mbu ashuke kunyonya. Kwa mambo ya namna hiyo waamini, hasa wawili wakikubaliana bila ya mmoja kusoma barua ya mwenzake.

Kuna mitego midogo ya maneno. Mbu huyu amebadilishwa jina mara kadhaa: taarifa ya awali ya 1900 inamwita Culex fasciatus, muda mfupi baadaye akawa Stegomyia fasciata, na leo ni Aedes aegypti. Tafuta kwa majina yote matatu. Na ukiona nakala ya barua inayodaiwa kuwa ya 1900 imeandika Aedes aegypti, ujue mkono wa baadaye umepita hapo. Neno "virus" nalo wakati ule lilimaanisha sumu ya ugonjwa kwa jumla. Hadi mwaka 1901 ndipo Carroll alipoonyesha kwamba kisababishi kinapenya kwenye chujio linalozuia bakteria. Wanapomwita mtu "immune" maana yake ni kwamba aliwahi kuugua akapona, si kwamba amechanjwa, chanjo haikuwepo. Ugonjwa wenyewe katika barua huandikwa Y.F., au yellow jack kwa utani wa kijeshi, na kwa Kihispania fiebre amarilla au vómito negro. Columbia Barracks, Camp Columbia, Quemados na Marianao ni eneo lilelile la kambi na mitaa yake, usiyahesabu kama vituo vinne. Camp Lazear ndiyo iliyokuwa peke yake, kama maili moja kutoka Quemados, shambani.

Maandishi yaliyochapwa upya na maktaba yatumie kutafutia tu. Kabla ya kunukuu rudi kwenye picha ya mwandiko. Kisha uangalie karatasi ni ya aina gani, maana barua kadhaa hazimo kama asili: familia zilibaki na karatasi zenyewe, zikatoa nakala ya taipu au fotostati. Fotostati ni picha, inaaminika. Nakala ya taipu imepitia macho na vidole vya mtu mwingine, na mara nyingi mtu huyo ni mjane au binti, ambaye ana haki yake ya kuruka aya ya mambo ya chumbani au ya kumsema mwenzake vibaya. Ukiona vituo vitatu mfululizo katikati ya nakala ya taipu, jiulize ni vya mwandishi au vya mnakili. Katika rejea zako andika wazi kama umetumia asili au nakala.

Sasa jambo ambalo msimamizi wako huenda atalibana. Nani hakuandika barua? Mbali na askari wa Kimarekani, walioumwa na mbu pale Camp Lazear walikuwa wahamiaji Wahispania waliotoka tu melini. Waliahidiwa dola 100 za dhahabu kwa kushiriki, na 100 nyingine wakiugua. Wakifa, fedha zingepewa mtu waliyemtaja. Mikataba yao ya Novemba 1900, kwa Kiingereza na Kihispania, imo kwenye mkusanyo, na inastahili kusomwa neno kwa neno. Inasema mtu anafahamu kwamba anahatarisha maisha yake kwa kiasi fulani, lakini kwa kuwa haiwezekani kabisa kuukwepa ugonjwa akikaa kisiwani, anaona heri aupate akiwa chini ya uangalizi wa tume. Hapo palepale ujue nani aliandika mkataba. Mhamiaji gani angetunga sentensi ile? Na watu walipoanza kuugua na baadhi ya Wahispania wakaondoka kambini, Reed baadaye alilieleza jambo hilo hadharani kwa kejeli, kwamba ghafla walipoteza hamu ya maendeleo ya sayansi. Kwa Reed ni kichekesho. Kwa mwanahistoria ni ushahidi kwamba walikuwa wanaweza kuondoka, na kwamba waliondoka. Sauti zao utazipata hivyo tu, ndani ya midomo ya wengine, kwa hiyo kila unapokutana na kejeli juu yao simama uiandike.

Usiache upande wa Cuba pia. Huko Havana liko jumba la makumbusho ya sayansi lenye jina la Finlay, na yeye mwenyewe aliandika kwa Kihispania, Kiingereza na Kifaransa. Tasnifu inayotumia barua za Virginia peke yake itamwona Finlay kama mzee mwema aliyetoa mayai. Usidhani kuna hila katika hilo. Macho ya waliomwandika ndiyo yaliyoishia hapo.

Ukiwa Afrika Mashariki na nauli ya Havana haipo, fikiria kuongeza sura ya karibu zaidi. Mwaka 1936 Wakfu wa Rockefeller wa Marekani ulianzisha kituo cha utafiti wa homa ya manjano Entebbe, ndicho kilichokuja kuwa taasisi ya virusi ya Uganda. Kutoka hapo, katika miaka ya 1940, kazi ya msitu wa Bwamba, magharibi mwa Uganda, ilionyesha jinsi virusi vinavyozunguka kati ya kima na mbu wa miti, Aedes africanus, na jinsi Aedes simpsoni wa migombani anavyovileta kwa watu. Karatasi za Alexander Haddow wa Entebbe ziko Chuo Kikuu cha Glasgow. Za maofisa wa Rockefeller ziko kwenye hifadhi ya Rockefeller huko Sleepy Hollow, New York, pamoja na shajara ambazo maofisa waliziandika zisomwe na makao makuu. Shajara ya namna hiyo isome kama barua ya kikazi: mwandishi anajua bosi ataifungua.

Kabla ya kunukuu kurasa nzima, hesabu haki. Kwa sheria ya Marekani, barua ambayo haijachapwa hulindwa mpaka mwisho wa mwaka wa 70 tangu mwandishi afe. Za Lazear, Reed na Carroll ziko huru. Za Hench zinalindwa hadi mwisho wa 2035. Sentensi chache katika tasnifu hazina tatizo, lakini kuichapa barua yake nzima omba ruhusa kwa maktaba. Na tangu siku ya kwanza, kwa kila barua andika jina la mkusanyo, namba ya karatasi, boksi na folda kama zipo, na siku uliyoifungua. Anwani za mtandaoni huhama. Namba ya boksi hukaa.

Anza na wiki moja tu: kutoka tarehe 7 hadi 25 Septemba 1900 ni wiki mbili na nusu, kwa hiyo chukua ile ya kwanza. Ijaze kwenye jedwali mpaka kila safu iwe na kitu, pamoja na safu ya "alikijuaje". Ukikuta safu hiyo tupu mara tatu mfululizo, barua hizo zihamishie fungu la pili hata kama juu zimeandikwa 1900.